Kinoo cha Liberatus na Shingo Zilizohusika

Inatangazwa kwa watu wote wa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, wenye ndevu na wasio nazo, kwamba mimi, Eliezeri, mwanafunzi wa shule ya bweni ya misheni huko Iringa, ndiye mtaalamu mkuu wa vinoo vya nyembe kati ya mto Ruaha na mpaka wa Rhodesia, na kwamba neno langu juu ya jambo hili ni la mwisho na halikatiwi rufani.

Ndevu mwenyewe sina. Kitu pekee nilichowahi kunyoa kwa wembe wa kukunja ni unyusi mmoja wa kiranja wa bweni letu, akiwa amelala Jumapili mchana, na kwa kazi hiyo nilichapwa mpaka nikawa nakula nimesimama. Utaalamu wangu wote niliupata juu ya lori, kutoka kwa mtu ambaye baadaye nilimfanya atokwe damu mbele ya soko zima la Mbeya.

Ilikuwa mwanzo wa likizo ya Desemba, mwaka 1955, na mvua zilikuwa zimeanza. Nilipanda lori la mizigo kutoka Iringa kwenda Mbeya, juu ya magunia, pamoja na kuku, akina mama wasioacha kusali, na kinyozi mmoja Mhehe aitwaye Liberatus. Alikuwa na shingo ya fahali na vidole vyembamba kama vya msichana anayefuma kikapu. Alikuwa amesikia kwamba kinyozi mkongwe wa soko la Mbeya amekwenda migodini Rhodesia na kuacha nafasi yake wazi. Nayo haikuwa nafasi hivihivi: ilikuwa chini ya bati, mlangoni mwa soko, pahali pekee ambapo mtu angeweza kunyolewa huku mvua ikinyesha. Na Mbeya mvua ikianza huwa haina adabu ya kuacha.

Tulipofika Chimala lori lilichemka maji, tukateremka kusubiri. Liberatus akafungua kipande cha blanketi, akatoa jiwe la urefu wa kiganja, kijani kilichofifia kama majani ya chai yaliyokauka. Alilitoa mwenyewe mtoni, Ruaha Mdogo, akalisawazisha kwa mchanga na maji pande zote mbili. Kwa kuwa mimi ni kijana mwenye uso wa kupenda elimu, akanifundisha.

Kwanza, alisema, lilambe. Jiwe baya lina kiu, litakushika ulimi. Jiwe zuri limeshiba, ulimi unateleza. Kisha limwagie maji uone yanakaa au yananywewa. Kisha, na hapa akatafuta chupa ya soda, uue wembe. Akaburuta makali ya wembe wake juu ya mdomo wa chupa mpaka ukawa hauwezi kukata ndizi iliyoiva. Huwezi kujua kinoo kinaweza nini, alisema, kama wembe tayari una makali ya jana. Akaanza kunoa taratibu, mgongo wa wembe na makali yake vikiwa vimelala pamoja juu ya jiwe, huku na huko, na yale maji juu ya jiwe yakageuka rangi ya majivu, halafu meusi. Ule weusi ni chuma kinacholiwa. Mkanda wa ngozi wa kulainishia makali hakuugusa. Mkanda, alisema, unaficha dhambi za kinoo. Mwisho aling'oa unywele mmoja kichwani kwangu bila kuomba ruhusa, akaushika ncha, akauteremsha juu ya makali. Ukakatika wenyewe.

Mfanyabiashara mmoja wa mpunga kutoka Ubaruku, aliyekuwa akitutazama, akasema kwao mawe kama lile wanawake husugulia nyayo.

Liberatus akakunja wembe, akautia mfukoni. Akalifunga jiwe kwenye blanketi, akanipa nishike. Kisha akamwendea yule bwana akampiga kichwa usoni. Ulisikika mlio wa kijiti kikavu, na pua ya yule bwana ikahamia upande wa shavu. Alipoanguka Liberatus alimkanyaga mkono, mara moja tu, kisha akarudi kwangu kuchukua jiwe lake na kuendelea pale alipoishia, kwa sauti ileile, kama mwalimu aliyetoka nje kupiga chafya.

Didas, utingo wa lori letu, aliniambia baadaye kwamba mimi nilikuwa nacheka. Sikumbuki kucheka. Nakumbuka nilishindwa kuondoa macho kwenye ile damu.

Mbeya ninakaa kwa baba mdogo Jailos, mdogo wake baba yangu, naye ni kinyozi. Sasa msomaji ameshaona balaa inakotoka. Baba mdogo alikuwa amekaa miaka na miaka pembeni ya lile bati, kwenye matope, akisubiri yule mzee aondoke. Kila masika benchi lake lililowa na wateja wakampita, na nyumbani tulikula magimbi mpaka tukaota magimbi. Mke wake, mama mdogo Ikupa, alishaanza kuwaambia majirani kwamba safari hii mvua itanyesha mume wake akiwa mkavu. Bati lile lilikuwa ndiyo maisha ya nyumba ile.

Baba mdogo ni mwembamba, mpole wa kusema, na hasira zake hukaa chini kama makaa yaliyofunikwa majivu. Yeye pia alikuwa na kinoo chake, cha kijivu kama njiwa, alichokiokota kwenye kijito nyuma ya mlima.

Jumatatu asubuhi watu wawili walibeba mabenchi mawili wakayatua chini ya bati moja. Walisalimiana. Baba mdogo akasema, "Kaka, umepotea njia. Wahehe wananyolewa kule kwenye machinjio, pamoja na mbuzi." Liberatus akamjibu kwamba ni kweli, ameliona benchi la mbuzi, na analo mbele yake. Baada ya hapo hakuna aliyesema neno la maana. Liberatus alivunja kigoda mgongoni mwa baba mdogo. Baba mdogo alimshika Liberatus masikio yote mawili akamtumbukiza uso kwenye sufuria la maji ya moto ya kunyolea, na kama maji yale yasingekuwa yamepoa kidogo, hadithi hii ingeishia hapo. Walibiringika mpaka kwenye vibanda vya nyanya. Mama mdogo Ikupa alimpiga Liberatus kwa kiatu chake mwenyewe, yaani cha Liberatus, kilichokuwa kimemtoka. Mimi nilisimama juu ya pipa nikapata nafasi nzuri ya kuona.

Aliyewaachanisha alikuwa Philbert, muuza nyama, mkubwa wa soko kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa mkubwa mwingine. Aliwaachanisha kwa paja la ng'ombe. Alizungusha paja lile kama rungu, mmoja akapata la bega na mwingine la tumbo, kisha akalirudisha kwenye ndoano na baadaye akaliuza.

Akatoa hukumu. Bati atapewa mwenye kinoo bora, na vinoo vitajaribiwa Jumamosi, mbele ya watu, kwa kanuni ya vinyozi. Kanuni yenyewe ni hii, na kwa utaalamu wangu sijaisikia kanuni nyingine yenye akili kuliko hiyo. Nyembe zote zinauawa kwenye chupa. Kila mmoja ananoa kwenye kinoo chake, bila mkanda, bila kujaribu kwa unywele. Kisha wembe anapewa mpinzani wake, na mpinzani anamnyoa nao mwenye kinoo. Ukileta takataka, itapita kwenye shingo yako mwenyewe. Na kinyozi atakayemkata mwenzake kwa makusudi, benchi lake linachomwa moto palepale na hatanyoa tena Mbeya.

Watu walisema hukumu ni nzuri. Baba mdogo usiku ule hakula. Niliona anavyokitazama kile kinoo chake cha kijivu. Cha Liberatus nilikuwa nimekiona kikifanya kazi. Cha kwake hakuna aliyekuwa na hakika nacho, hata yeye.

Ndipo nilipoamua kulisaidia taifa.

Ijumaa mchana nilikwenda gereji alikolala Didas na lori lake, nikamwomba kidogo ya ile dawa wanayosagia vali za injini. Ni grisi yenye chembe ndani yake, ndogo kuliko mchanga na ngumu kuliko chuma. Nilimwambia ni ya majaribio ya sayansi, jambo ambalo halikuwa uongo mtupu. Akanitilia kwenye kifuniko cha kopo.

Liberatus alikuwa akila kwenye hoteli ya chai ya Apolonia, na kinoo chake hukianika dirishani kikauke. Niliingia nikasema "Kamwene," salamu ya kwao, naye akafurahi kama mtu aliyepata barua. Alinikatia nusu ya chapati yake. Alijua ninakaa kwa nani, na hakunitenga kwa hilo. Alisema ugomvi wa mabenchi si wa watoto. Akatoka uani kunawa mikono. Nikapaka ile dawa juu ya kinoo, nikaisugua kwa kidole gumba iingie, nikafuta kwa kaptula, nikanyunyiza majivu ya jikoni ili grisi isimetemete, nikayapuliza. Aliporudi nilikuwa namalizia chapati yake.

Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa za soko. Watu walijaa. Wanyakyusa na Wasafwa walisimama upande wa viazi, Wahehe na Wabena upande wa vitunguu, na katikati Philbert na chupa yake.

Baba mdogo alianza. Aliua wembe, akanoa, maji yakawa meusi juu ya jiwe la kijivu. Akaukabidhi kwa Liberatus, akakaa kwenye benchi na kuinua kidevu.

Liberatus alimshika paji la uso kwa kiganja kizima, akamrudisha kichwa nyuma mpaka koo likatokeza kama fundo la mti. Alikuwa bado ana malengelenge shavuni kwa yale maji ya moto. Mama mdogo Ikupa alikuwa ameshika jiwe la mzani la muuza viazi, na sidhani alikuwa anataka kupima viazi. Wembe ulipanda kutoka kooni mpaka kidevuni. Ukapanda tena. Liberatus alinyoa taratibu, akikunja uso, mara moja alisimama akautazama wembe kisha akaendelea. Alipomaliza, shingo ya baba mdogo ilikuwa safi kama kibuyu. Hakuna hata tone. Liberatus akaufuta wembe, akasema tu, "Zamu yangu."

Akaua wembe wake. Akamwaga maji juu ya kinoo chake, na maji yakakataa. Yalijikusanya vitone vitone, yakateleza kama juu ya jani la gimbi. Akayafuta kwa kiganja, akamwaga mengine. Niliona anavyoshangaa. Lakini upande wa viazi ulishaanza kumzomea, wakimwuliza kama jiwe lake limebatizwa maji mengi, na Liberatus si mtu wa kusema ngoja. Akanoa. Wembe ulitoa sauti nyembamba, kilio cha panya aliyebanwa mlangoni. Akaukabidhi kwa baba mdogo, akakaa.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilikuwa nimechagua pahali pangu mapema.

Mara ya kwanza wembe ulikwaruza. Ya pili ulishika. Baba mdogo, akidhani ndevu ni ngumu, akakaza mkono kama kinyozi yeyote anavyokaza, na hapo chini ya taya wembe ukashika nyama, ukakwama, kisha ukaruka. Ngozi ilifunguka kama mdomo. Kwa muda mfupi palikuwa peupe ndani yake. Kisha damu ikaja, nyingi, ikashuka kwenye shati, na Liberatus akaweka mkono shingoni akautazama.

Alidhani amechinjwa. Kila mtu alidhani amechinjwa. Aliinuka na benchi, yaani aliinuka na benchi mkononi, akampiga baba mdogo nalo kifuani. Baba mdogo alianguka chali, Liberatus akamrukia akampiga mdomoni kwa lile jiwe la kunolea, na jino likaruka likaangukia kwenye karai la dagaa. Mama mdogo akatupa jiwe la mzani, likamkosa Liberatus, likampata Mbena mmoja asiyehusika. Basi upande wa vitunguu ukauvamia upande wa viazi. Niliona mtu akipigwa kwa kuku hai. Niliona mzee wa kanisa akimng'ata mtu mkono huku amefumba macho, kama anaomba. Mtu mmoja alianguka juu ya sufuria la maji ya moto, na safari hii hayakuwa yamepoa, na kilio chake bado ninakisikia ninapoandika hapa. Philbert aliingia katikati na paja jipya.

Walipotulia, hakuna aliyekuwa na sura aliyokuja nayo asubuhi. Liberatus alifungwa shingo kwa kitambaa cha Apolonia. Jeraha halikuwa limefika ndani, lakini lilikuwa refu. Baba mdogo alikaa matopeni akitema damu. Na watu wakaanza kusema kile ambacho mimi, mtaalamu mkuu, sikuwa nimekifikiria hata kidogo.

Walisema kinoo cha Liberatus wanakijua. Wiki nzima amenyolea watu nacho kwa Apolonia, na wengi wao walikuwapo wakionyesha videvu vyao. Kinoo ni kizuri. Basi aliyekata si kinoo, ni mkono. Jailos alikuwa na kisasi cha Jumatatu, akapewa wembe na shingo, akafanya alivyofanya.

Baba mdogo alisema wembe ndio ulioshika. Alisema hivyo kwa mdomo uliovimba, maneno yakitoka nusunusu. Hakuna aliyemsikiliza. Vijana walishalibeba benchi lake, na mmoja alikuwa na chupa ya mafuta ya taa. Mama mdogo Ikupa alilishika mguu mmoja, wakamburuta nalo kwenye matope, hakuachia.

"Ngojeni," Liberatus akasema.

Alisema hataki kumfukuza mtu kwa kukisia. Kinoo kijaribiwe tena palepale. Atanoa yeye, atanyoa yeye, kwa mkono ambao hauna kisasi na kinoo chake, lakini kichwa kitoke nyumba ya Jailos. Wembe ukipita salama, Jailos alitaka kumwua, na benchi liungue. Wembe ukishika, ni kinoo, naye atarudi Iringa na lori la jioni.

Philbert akazungusha macho kutafuta kichwa cha nyumba ya Jailos chenye nywele za kutosha. Shuleni hatunyoi mwezi wa mwisho wa muhula, kwa sababu ya mitihani.

Nilikaa kwenye benchi la Liberatus. Naomba nieleze hesabu yangu, maana ilikuwa hesabu nzuri. Nikikaa kimya, wembe utanolewa kwenye kinoo nilichokiharibu. Utanichana kichwa mbele ya watu wote. Baba mdogo atakuwa hana hatia, bati litakuwa lake, na mimi nitarudi shuleni na kovu la kuwatisha watoto wa darasa la tano. Kilichotakiwa ni kunyamaza kwa muda wa kunyoa kichwa kimoja, na mimi nimeshawahi kumnyamazia mwalimu mkuu mwenyewe, fimbo ikiwa mezani.

Liberatus akaua wembe kwenye chupa, mlio ukaniingia kwenye meno. Akaweka kinoo juu ya kisanduku mbele yangu, upande uleule juu. Akainama kumwaga maji, na kitambaa kikalegea, nikaona lile jeraha kwa karibu: kingo zake hazikuwa zimekatwa, zilikuwa zimechanwa. Tone likaniangukia gotini, la moto.

"Tumia upande wa chini, baba," nikasema.

Sikusema kwa nguvu. Nilitumaini kwamba labda sikusema kabisa.

Wembe ukasimama. "Upande wa chini una nini?"

"Hauna kitu."

"Na wa juu?"

Kwenye dirisha la Apolonia sikuwa nimepata nafasi ya kuligeuza jiwe. Ndiyo sababu upande wa chini ulikuwa safi. Lakini hilo sikulisema bado. Nilitazama viatu vyangu, ambavyo ni viatu vizuri vya shule.

Liberatus akaokota kinoo. Akakilamba upande wa chini, taratibu, macho yake yakiwa kwangu. Akakigeuza akakilamba upande wa juu. Akatema mate. Akasugua ulimi kwa mkono wa shati, akatema tena, akasema neno moja: "Grisi." Akampa Philbert naye akapitisha kidole, akasugua kidole na gumba karibu na sikio lake, akisikiliza chembe.

Wembe ule uliouawa ukaja kukaa chini ya sikio langu. Haukuwa na makali ya kukata ndizi, lakini sikio halikujua hilo.

"Sema," Liberatus akaniambia.

Nikasema. Nilisema gereji, Didas, kifuniko cha kopo, sayansi, majivu, kaptula. Nilipofika kwenye chapati, Liberatus aliondoa wembe akaukunja, na hilo liliniuma kuliko kama angeukaza. Akamgeukia Philbert.

"Tena kwa bure," akasema. "Nilipomnyoa Jailos kwa wembe wa kinoo chake, mkono wangu ulijua. Langu si jiwe mbele ya lile. Nilikaa pale ninyolewe kwa kutimiza kanuni tu."

Baba mdogo aliinua kichwa kutoka matopeni. Sijawahi kumwona mtu akipewa habari njema, na usoni mwake ikaonekana kama kipigo kingine.

Lakini vijana hawakulitua benchi. Mmoja wao akauliza, na lilikuwa swali la haki: mtoto anakula kwa nani? Mtoto wa nyumba anapaka kinoo cha adui, na mwenye nyumba hajui? Upande wa vitunguu ukaanza kunguruma tena. Philbert akanyoosha mkono kuwanyamazisha, akatoa hukumu ya pili. Kama mtoto alitumwa, benchi linaungua na bati ni la Liberatus. Kama hakutumwa, kinoo cha Jailos kimeshinda, mpinzani wake mwenyewe amekiri.

Baba mdogo akasimama akaja mbele yangu. Mdomo wake ulikuwa umegeuka kitu kingine, chekundu, kisicho na umbo.

"Eliezeri. Waambie nani alikutuma."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Ijumaa, endapo nitakamatwa: kwamba nilifanya kwa kumpenda baba mdogo, na magimbi, na benchi lililolowa. Lilikuwa jibu lenye machozi ndani yake. Lakini niliwatazama wale vijana na chupa yao ya mafuta ya taa, nikaona kwamba mtu aliyefanya jambo kwa ajili ya mwenzake, huyo mwenzake ndiye anayeulizwa. Tena halikuwa kweli.

"Hakuna aliyenituma," nikasema. "Baba mdogo hakujua. Nilimwona huyu akimvunja mtu pua Chimala. Nilitaka kumwona yeye akitokwa damu. Nilitaka kuangalia tu."

Hakuna aliyecheka, wala aliyenipiga. Waliamini, nadhani kwa sababu si uongo ambao mtu angejitungia. Vijana wakalibeba benchi la baba mdogo, mama mdogo Ikupa akiwa bado ameshika mguu wake, wakalitua chini ya bati. Mvua ikaanza kunyesha wakati huohuo, na baba mdogo hakwenda kukaa. Alibaki ananitazama.

"Na ulipoona?" Philbert akaniuliza. "Ulipoona damu?"

Liberatus alikuwa akifunga kinoo chake kwenye blanketi. Akaacha kufunga, akasubiri naye.

"Nilifurahi," nikasema. "Mpaka alipoanza kujishika shingo."